Dawa za Maumivu na Kinga ya Demenshia: Hoja kutoka Migori na Homa Bay

Mwaka 2001 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, waliripoti kwamba kati ya watu 6,989 waliofuatiliwa, wale waliotumia dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, kama ibuprofeni na diklofenaki, kwa miaka miwili au zaidi waliugua Alzheimer, aina ya demenshia, kwa nadra mno. Mantiki yake inaeleweka: ubongo wa mgonjwa huonyesha dalili za uvimbe, basi huenda kuuzuia uvimbe ni kuuzuia ugonjwa. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba wazee wa kaunti za Migori na Homa Bay nchini Kenya hawapaswi kumeza dawa hizi kwa ajili ya kulinda akili.

Majaribio hayakuunga mkono matumaini hayo. Jaribio la ADAPT nchini Marekani, lililohusisha watu zaidi ya 2,500, lilisimamisha naprokseni na selekoksibu Desemba 2004 kwa hofu ya madhara ya moyo, na kinga haikuonekana. Jaribio la ASPREE, lililowahusisha watu 19,114 nchini Australia na Marekani, halikuona aspirini ikipunguza demenshia. Yamkini anayeanza kusahau hulalamika maumivu kwa nadra na kuacha dawa mapema, hata ikaonekana kana kwamba wanaoendelea kuzitumia wamekingwa nazo.

Wapo wanaojibu kwamba majaribio hayo yalichelewa, kwa kuwa ugonjwa huanza miongo kadhaa kabla ya dalili. Hoja hiyo ni nzito, lakini inazaa tatizo kubwa zaidi: kinga ya miongo ingedai dozi za miongo. Dawa hizi hutoboa tumbo, huchosha figo na hupandisha shinikizo la damu, na shinikizo la juu katika umri wa kati ni miongoni mwa visababishi vya demenshia vinavyoweza kuzuilika. Kidonge kingeweza kuleta kile kile kilichokusudiwa kukizuia.

Katika kaunti hizi hatari huongezeka. Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zenye kiwango cha juu kabisa cha VVU nchini Kenya, na wengi wanaoishi navyo hutumia tenofovir, dawa ya VVU ambayo nayo inaweza kuathiri figo. Mvuvi wa Mbita au mkulima wa Rongo anayeumwa mgongo hununua diklofenaki dukani bila kuulizwa anatumia dawa gani nyingine.

Njia bora ya kuilinda akili, yaani kudhibiti shinikizo la damu (presha), imekwisha kujaribiwa hapa hapa. Utafiti wa SEARCH, ulioanza 2013 katika jamii 32 za Kenya na Uganda, zikiwemo za kaunti hizi, uliunganisha upimaji wa VVU na wa presha. Baada ya miaka mitatu, asilimia 47 ya wenye presha katika jamii zilizopata huduma hiyo walikuwa wameidhibiti, dhidi ya 37 kwingineko.

Kwa hiyo kila kliniki ya VVU ipime presha, na kila mhudumu aulize kuhusu dawa za maumivu. Dawa za presha zisizokosekana ghalani zitailinda akili ya mzee zaidi kuliko diklofenaki ya kila siku.