Ugonjwa wa Marfan: dalili zinaonekana nje, hatari iko ndani ya kifua

Hapa Boyoma, mtoto akirefuka haraka watu wanafurahi. "Huyu atacheza baskete!" Suruali ya masomo iliyoshonwa mwezi wa tisa, mbele ya Pasaka imeshakuwa fupi, na fundi wa nguo anacheka. Mara nyingi hakuna ubaya wowote: baba ni mrefu, mama ni mrefu, mtoto naye ni mrefu.

Lakini kuna watoto wachache ambao urefu huo unakuja pamoja na mambo mengine: vidole virefu sana, kifua kilichoingia ndani, mgongo uliopinda, macho yasiyoona mbali. Kila jambo likitazamwa peke yake, linaonekana dogo. Yakiwa pamoja, yanaweza kuwa ugonjwa mmoja wa kuzaliwa unaoitwa Marfan. Unampata mtu mmoja hivi kati ya 5.000, mwanamume au mwanamke, wa kabila lolote na nchi yoyote. Jina linatoka kwa munganga Mfaransa, Antoine Marfan, aliyeeleza mwaka 1896 habari ya mtoto msichana mwenye vidole na miguu mirefu kupita kawaida.

Ni ugonjwa gani?

Kila mkaaji wa Kisangani anajua miti ya Wagenia kwenye maporomoko. Magogo makubwa yamesimama ndani ya maji yenye nguvu, lakini kinachoyashika pamoja ni kamba za msituni. Kama kamba ni dhaifu, magogo yanaweza kuwa mazuri namna gani, mtego utalegea tu, na utalegea zaidi pale maji yanapopiga kwa nguvu.

Mwili nao una kamba zake. Ni nyuzi ndogo ambazo jicho halizioni, zinazofunga mifupa, ngozi, macho, mapafu na mishipa ya damu. Katika Marfan, jeni moja iliyo kwenye kromozomu ya 15 ina kosa. Waganga waliigundua mwaka 1991. Jeni hiyo ndiyo inayotengeneza fibrilini, moja ya vitu vinavyojenga nyuzi hizo. Ndiyo maana ugonjwa mmoja unaonekana sehemu nyingi za mwili.

Na pale "maji yanapopiga kwa nguvu" ni kwenye aorta, mshipa mkubwa unaotoka moyoni. Kila moyo unapodunda, damu inausukuma. Nyuzi zikiwa dhaifu, mshipa unapanuka polepole, miaka na miaka, bila maumivu. Siku moja unaweza kupasuka.

Dalili za nje

– Mikono, miguu na vidole virefu na vyembamba kuliko vya ndugu zake.
– Kifua kilichoingia ndani kama bakuli, ao kilichotoka mbele kama cha ndege.
– Mgongo uliopinda upande.
– Nyayo bapa, viungo vinavyolegea na kujikunja kuliko kawaida.
– Uso mwembamba, kaakaa la juu lililoinuka sana, meno yaliyosongamana.
– Michirizi ya ngozi mabegani ao kiunoni, bila mtu kunenepa wala kubeba mimba.
– Macho: mtoto haoni ubao, analeta kitabu karibu na pua. Zaidi ya nusu ya wagonjwa, lenzi ya jicho inahama kutoka mahali pake.

Si kila mgonjwa anazo zote. Katika jamaa moja, baba anaweza kuwa na dalili kidogo tu, na mtoto akawa nazo mingi.

Majaribio matatu ya nyumbani

La kwanza: mtoto akunje kidole gumba ndani ya kiganja, halafu afunge ngumi juu yake. Tazama upande wa kidole kidogo. Kama ukucha wote wa gumba umetokea nje, hiyo ni dalili.

La pili: ashike kiwiko cha mkono mwingine, pale saa inapovaliwa, kwa gumba na kidole kidogo. Kama gumba linafunika ukucha wote wa kidole kidogo, hiyo pia ni dalili.

La tatu: apanue mikono miwili ukutani, mpime kutoka ncha hadi ncha, halafu mpime urefu wake. Kwa watu wengi vipimo viwili vinakaribiana. Kijana wa sentimita 170 ambaye mikono yake inafika 179, huyo apelekwe kwa munganga.

Majaribio haya hayasemi "ni Marfan". Yanasema tu: nenda mukapime moyo. Na kinyume chake, mtoto mrefu asiye na dalili nyingine, mwachie mpira wake acheze.

Juu ya nini tusingoje?

Mwaka 1986 Flo Hyman, mchezaji mkubwa wa voleboli wa Marekani aliyepata medali ya fedha katika Olimpiki za 1984, alianguka wakati wa mchezo huko Japani na kufa. Alikuwa na miaka 31. Watu walifikiri ni moyo tu. Uchunguzi wa maiti ndio ulionyesha aorta iliyopasuka, na Marfan ambayo hakuna aliyeijua. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye nguvu: dalili zilikuwa mbele ya macho ya wote.

Mwaka 2014 Isaiah Austin, kijana wa baskete, alipimwa siku chache tu mbele ya kuchaguliwa na timu za NBA. Walikuta Marfan. Alilia, ndoto ya siku ile ilikatika, lakini yeye ni mzima.

Kwetu, kijana mwenye afya akianguka ghafla, mazungumzo ya kilio yanajulikana: wamemroga, ni shangazi, ni ndoki. Baadaye mdogo wake anaanguka vilevile, na mzee mmoja ao mtoto mmoja anafukuzwa nyumbani bila kosa. Kama kuna vifo viwili vya ghafla vya vijana warefu katika jamaa moja, swali la kwanza liwe: nani alipima moyo wa waliobaki?

Unarithiwa namna gani?

Wengi wetu tunajua SS, ugonjwa wa damu. Ule unahitaji baba na mama wote wawili watoe jeni yenye kosa. Marfan ni tofauti: mzazi mmoja anatosha. Kama mzazi anao, kila mimba ni kama kurusha sarafu: nusu kwa nusu, mvulana ao msichana. Na karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne hana mzazi mwenye ugonjwa. Kosa limeanza kwake. Basi mama asihukumiwe kwamba amezaa vibaya, wala baba asikatae mtoto.

Hauambukizi. Haugusi akili.

Nini cha kufanya

Kwenye kituo cha afya, eleza dalili zote pamoja, usieleze moja moja, na utaje vifo vya ghafla katika jamaa. Omba barua ya kukupeleka kwenye hospitali kubwa kwa ekografi ya moyo. Ni ndugu ya ekografi ya mimba ambayo mama wanaijua: haichomi, haikati. Munganga atapima upana wa aorta, na atataka kuipima tena, kwa kawaida kila mwaka. Macho nayo yapimwe.

Dawa ya kuponya kabisa haipo. Lakini ziko dawa za tansio, kama atenolol, propranolol ao losartan, zinazopunguza msukumo wa damu ili mshipa upanuke polepole. Munganga ndiye anayepanga. Mwenye pumu anaweza kudhurika na baadhi yake. Aorta ya mtu mzima ikifika karibu sentimita 5, mara nyingi waganga wanashauri upasuaji mbele haijapasuka. Upasuaji huo ni mkubwa na unalazimisha kusafiri mbali. Ndiyo maana kujua mapema kuna faida: jamaa inapata miaka ya kujipanga.

Mgonjwa anaweza kutembea, kusoma, kufanya kazi ya ofisi, duka ao cherehani. Aepuke kuinua vitu vizito, baskete na mpira wa kushindana. Kusukuma baiskeli yenye magunia ya makala siyo kazi yake, hata kama jamaa ina shida.

Angalia pia farmasi. Hapa sipro (ciprofloxacin) inanunuliwa kama karanga, kwa tumbo ao mkojo. Mnamo Desemba 2018, ofisi ya dawa ya Marekani ilionya kwamba dawa za kundi hilo zinaweza kuongeza hatari ya aorta kupasuka, na ikataja watu wa Marfan kwa jina. Mwambie muuzaji na munganga: niko na Marfan, kuna dawa nyingine?

Mwanamke mwenye Marfan apime moyo mbele ya kushika mimba. Hatari ni kubwa zaidi miezi ya mwisho na majuma ya kwanza nyuma ya kuzaa, basi asizalie nyumbani.

Hizi ni za kukimbia hospitali, usiku ao mchana

– Maumivu makali ya ghafla kifuani ao katikati ya mabega, kama kitu kinachanika.
– Kukosa pumzi kwa ghafla: pafu linaweza kuwa limetoboka.
– Kuzimia.
– Jicho kupoteza nuru ghafla.

Mgonjwa asitembee kwa miguu wala kupiga pedali, abebwe. Ukifika, neno la kwanza liwe "Marfan", kwa sababu maumivu haya yanafanana na ya tumbo ao ya malaria, na saa zinapotea. Andika neno hilo kwenye karatasi, na uiweke ndani ya kitabu chake cha afya tangu leo.