Kayongo Kwenye Ukurasa wa Kwanza

Mwezi Machi binamu yangu alinitumia ujumbe: "Wewe si huandika? Nisaidie na hii barua." Alikuwa anaomba nafasi ya shahada ya uzamili ya utafiti, sayansi ya mimea. Fomu ilitaka transkripti, barua mbili kutoka kwa walimu wanaomjua, pendekezo la utafiti, na insha ya kueleza kwa nini anataka kusoma. Kwenye insha ndipo alikwama.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kutosha. Tangu hapo najitafutia kwa kuandika, na sehemu ya kazi hiyo ni barua za watu wanaotaka kuingia mahali ambapo mimi nilitoka.

Insha yake ilianza, "Tangu utotoni nimependa mimea." Nikamwuliza, mimea gani? Akanyamaza kidogo, halafu akacheka. "Kusema ukweli, ule ninaoujua vizuri zaidi ni ule niliouchukia."

Mtu wa Migori hahitaji kuelezwa. Kayongo. Wanasayansi wanaiita *Striga hermonthica*. Inachanua maua ya zambarau yanayopendeza, mgeni anaweza kupiga picha. Lakini ukiona ua, jua mahindi yashanyonywa kule chini kwa wiki kadhaa, maana kayongo huunganisha mizizi yake na ya mahindi, mtama au wimbi na kunywa maji na chakula chake. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 50,000, ndogo kama vumbi, na mbegu hizo zinaweza kulala udongoni hata miaka 20 zikingoja. Waya, yaani shangazi yangu, mama ya huyu binamu, alikuwa akiing'oa kwa mkono kule Uriri, watoto wakimfuata na ndoo. Msimu uliofuata inarudi.

"Si uandike hiyo," nikamwambia.

"Hiyo ni hadithi ya umaskini. Watanionea huruma, halafu wampe nafasi mtu mwingine."

Sikuwa na jibu. Nikaingia intaneti kutafuta ni nani aliwahi kuingia kwa mlango huo akiwa ameshika gugu hilo mkononi.

Nilichokutana nacho kwanza kilinishangaza: gugu la jamii ya kayongo liliwahi kufika hadi Marekani. Mwaka 1956 ndugu yake mdogo, *Striga asiatica*, alionekana kwenye mashamba ya mahindi ya Carolina Kaskazini na Kusini. Serikali ikashtuka. Maeneo yakawekwa karantini, maabara zikafunguliwa, gesi ya ethilini ikaingizwa udongoni ili mbegu ziote bila chakula na kufa. Mwaka 1966 watafiti huko wakatangaza kwamba wamepata kemikali inayoamsha mbegu za gugu hilo. Waliitoa kwenye mizizi ya pamba, wakaiita strigoli. Yaani swali lililokuwa limelala kwa mashamba ya nyanya zetu lilikuwa swali la kisayansi tangu zamani. Lilikosa tu mwenye bajeti.

Miaka hiyohiyo, kijana wa huku akitaka shahada ya utafiti alikuwa na njia chache. Kuanzia 1949 Makerere ilikuwa ikiandaa wanafunzi kwa digrii za Chuo Kikuu cha London. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilidumu 1963 hadi 1970, ndipo Nairobi, Makerere na Dar es Salaam zikawa vyuo vikuu kamili. Thomas Odhiambo, aliyezaliwa Mombasa 1931 na kusoma Maseno na Makerere, alilazimika kwenda Cambridge kupata uzamivu wake wa wadudu. Lakini alirudi, na mwaka 1970 akaanzisha ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu. Kampasi yake ya Mbita, kando ya ziwa kaunti ya Homa Bay, leo ina jina lake.

Halafu kuna Gebisa Ejeta wa Ethiopia. Alikulia kwenye nyumba ya nyasi yenye chumba kimoja. Mama yake ndiye alisisitiza asome, na kila Jumapili alitembea kilomita 20 kwenda shule, akirudi nyumbani Ijumaa. Mwaka 1973 mwalimu wake wa chuo alimkutanisha na John Axtell, mtafiti wa mtama kutoka Purdue, Marekani. Axtell alikuwa anazunguka Ethiopia kukusanya aina za mtama, Ejeta akamsaidia. Walipomaliza, Axtell alimwalika akawe mwanafunzi wake. Akaenda 1974, mwaka uleule ambao mfalme Haile Selassie alipinduliwa, na kufikia 1978 alikuwa na uzamivu.

Baadaye Ejeta na wenzake waligundua kwamba kuna mitama ambayo mizizi yake hutoa kemikali kidogo sana ya kuamsha kayongo. Mbegu zinabaki zimelala tu. Wakazalisha mitama inayostahimili, na mwaka 2009 akapewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Hapo nilisimama kidogo. Hadithi ya Ejeta husimuliwa kama ya bidii, na bidii ipo. Lakini angalia alivyoingia. Mwenye nafasi alimwona akifanya kazi shambani, wakiwa wameshika mtama uleule. Binamu yangu hana Axtell wa kupita Uriri. Anachoweza kumpelekea msimamizi asiyemjua ni karatasi. Kwa hivyo hiyo karatasi lazima ifanye kazi ya siku kadhaa shambani: ionyeshe ameona nini, na amejiuliza nini.

Odhiambo na wenzake walijaribu kulitatua hili kwa njia nyingine. Mwaka 1983 ICIPE na vyuo vya Afrika walianzisha programu ya uzamivu ambapo mwanafunzi anasajiliwa kwenye chuo cha Kiafrika, lakini utafiti anaufanya ICIPE. Na ni Mbita ambako jibu moja kubwa la kayongo lilipatikana, karibu kwa bahati. Katika miaka ya 1990 Zeyaur Khan, akishirikiana na John Pickett wa Rothamsted, Uingereza, alikuwa akitafuta mimea ya kufukuza viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi. Wakapanda desmodiamu katikati ya mistari na nyasi za nepia pembeni. Viwavi wakapungua. Lakini kuna kitu kingine kilionekana: penye desmodiamu, kayongo ilikuwa imepotea. Mizizi yake inaiamsha mbegu, halafu inaizuia kushikamana na mahindi. Wakulima wa huku waliipokea wakaanza kufundishana.

Nikampigia binamu nikamsimulia yote. Yeye ndiye alinirekebisha. "Umesahau fosforasi," akasema. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kemikali hizo za mizizi huita kuvu wanaousaidia mmea kupata fosforasi. Kayongo imejifunza kusikiliza mwito usioihusu. Udongo ukichoka, mmea unaita kwa nguvu zaidi, na kayongo inasikia vizuri zaidi. "Ndiyo maana shamba letu lilikuwa baya kuliko la jirani mwenye ng'ombe," akasema. "Mama alidhani ni mkosi."

Nikamwambia asiseme tena neno lingine, aandike hilo.

Insha mpya haina "tangu utotoni." Inaanza na mashamba mawili yaliyopakana Uriri, moja lina samadi na lingine halina, na swali la kwa nini kayongo iliheshimu mpaka. Umaskini umo, lakini umekaa pale kama hali ya udongo, kitu cha kupimwa. Mimi nilirekebisha koma tu na sentensi mbili.

Aliituma kutoka saiba ya Migori mjini, stima ikikatika mara moja katikati. Ada ya maombi tulichanga watatu. Jioni tukapita kwa waya. Alitaka kujua huyo mtoto wake akienda huko atasomea nini hasa. Binamu akamwambia, kayongo.

Waya akatuangalia mmoja mmoja. "Mnalipia pesa," akauliza, "kusomea hiyo?" Kisha akaingia jikoni, akatoka na chai, akaketi, akaanza kumweleza ni pembe gani ya shamba hutangulia kuota, na baada ya mvua ya ngapi. Binamu akatoa simu akaanza kuandika.

Majibu hayajatoka.