Litowa na swali la nani mwenye chama

Kila muhula, tunapofika kwenye mada ya utawala bora wa asasi za kiraia, wanafunzi wangu huanza na wafadhili, ukaguzi wa hesabu na taarifa za robo mwaka. Mimi huwarudisha Songea.

Chama cha Maendeleo ya Ruvuma kilichipuka kutoka kijiji cha Litowa, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vijana wa TANU, Ntimbanjayo Millinga akiwa miongoni mwao. Kufikia mwaka 1969 kilikuwa na vijiji zaidi ya kumi, shule Litowa, kinu cha kusaga nafaka na mashine ya kupasua mbao. Mwalimu Nyerere alikipenda, na alipoandika Ujamaa Vijijini mwaka 1967, Ruvuma ilikuwa mfano hai mbele yake.

Kinachonivutia mimi ni mkutano kuliko mali. Wanakijiji waliketi pamoja, wakapanga kazi, wakachagua kamati yao na kuamua wenyewe namna ya kugawana mapato. Kijiji hakikusombwa kuingia chamani. Kiliingia kwa hiari. Mshauri wao, Mwingereza Ralph Ibbott, aliishi Litowa pamoja nao, lakini uamuzi ulibaki kuwa wa wanachama. (Linganisha na asasi ambayo mwanzilishi ndiye mwenyekiti, mkewe ndiye mhasibu, na bodi hukutana siku mfadhili anapotua uwanja wa ndege. Tunazifahamu.)

Mkutano wa namna hiyo hulea watu wanaohoji amri. Wakubwa wa mkoa walianza kuuliza wanakijiji hawa wako chini ya nani. Tarehe 24 Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama. Mali zilichukuliwa, washauri wa kigeni wakaondoka, walimu wa Litowa wakatawanywa. Rais wa TANU alikuwa Mwalimu yuleyule aliyekipenda.

Baadhi ya wenzangu huimaliza hadithi hapo, kwenye ukatili wa chama tawala. Sibishani nao kuhusu ukatili huo. Ila naona wanaiachia Ruvuma kosa lake: ndani ilijitawala kwa umahiri ambao asasi nyingi za leo hazijaufikia, lakini nje ilijikinga kwa mapenzi ya mtu mmoja. Siku mapenzi hayo yaliposhindwa kutosha, wanakijiji hawakuwa na pa kusimamia kudai hata kinu chao.

Ndiyo maana zoezi langu la kwanza ni fupi. Mwanafunzi alete katiba ya asasi anayojitolea, afungue kifungu cha kuvunjwa kwa asasi, kisha aniambie mali itakwenda kwa nani na ni mkutano gani ulioamua hivyo. Wengi hurudi juma linalofuata wakisema hawajawahi kuonyeshwa katiba hiyo. Mmoja aliambiwa iko kwenye kabati, na ufunguo anao mkurugenzi, naye yuko safarini.