Asidi Amino Kwenye Baridi Kali: Chicago na Trieste

Mwaka 1960, Hutchens, Cole na Stout wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha vipimo vya joto mahususi la asidi amino mbili, glaisini na alanini, kuanzia kelvini 11 hadi 305. Walikuwa warithi wa Walther Nernst, Mjerumani ambaye nadharia yake ya mwaka 1906 iliongoza kwenye kanuni kwamba fuwele kamilifu ikikaribia sifuri halisi, entropia yake (kipimo cha mparaganyo) nayo huisha. Basi ukiipasha kidogo kidogo kutoka huko chini na kuandika kila joto inalolipokea, utajumlisha entropia yake yote. Glaisini ilifikia takriban jouli 103.5 kwa moli kwa kelvini katika nyuzi 25 za Selsiasi. Kazi ya namna hii haina kishindo: ni kupasha, kungoja itulie, kusoma kipimo, kisha kupasha tena. Mimi naistahi sana.

Abdus Salam wa Pakistan, aliyeanzisha kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, mwaka 1964, aliijia asidi amino kutoka kwenye kanuni. Alikuwa mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa kuunganisha sumakuumeme na nguvu hafifu ya nyuklia, nguvu pekee inayobagua kushoto na kulia. Isipokuwa glaisini, asidi amino zinazojenga protini zina maumbo mawili, kama viganja, na uhai hutumia la kushoto. Mwaka 1991 Salam alipendekeza kwamba baridi, pengine karibu na kelvini 250, huikuza tofauti ndogo mno ya nishati baina ya maumbo hayo, kwa mageuzi yanayofanana na yale ya metali zinazopitisha umeme bila ukinzani. Kama ni kweli, kalorimita, chombo cha kupimia joto linalopokelewa, ingeonyesha mruko wa joto mahususi.

Hapo ndipo kanuni ilipolazimika kupiga hodi kwa wapimaji. Kundi la Wang Wenqing huko Beijing lilitangaza badiliko karibu na kelvini 270. Lakini joto hilo ni jirani mno na pale maji yanapoganda. Unyevu kidogo ndani ya fuwele ungetosha kunitia shaka. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walipima alanini ya kushoto na ya kulia, wasione tofauti.

Salam aliuliza swali kubwa na akakubali lipimwe. Hiyo ni heshima yake. Jibu lake halijathibitishwa, na sababu ya uhai kuchagua kushoto bado inatafutwa.