Mkasi uliongoja miaka 29

Kinachotisha kwanza ni ukimya. Jennifer Simpson, yatima wa miaka 14, anapita kwenye ukumbi mrefu wa jumba la kifahari huko Norway, na muziki hakuna. Viatu vyake tu vinagonga sakafu: ko, ko, ko. Halafu, bafuni, nyuma ya pazia, mkasi unalia. Anayeushika ana kimo cha mtoto, na mkasi wenyewe unakaribia kumzidi urefu.

Ndivyo Clock Tower, mchezo wa video, inavyomshika mchezaji. Kampuni ya Human Entertainment iliitoa Japani tarehe 14 Septemba 1995, kwenye kaseti ya mashine ya michezo ya Super Famicom. Mwongozaji wake, Hifumi Kono, alizipenda mno filamu za kutisha za Mwitaliano Dario Argento, na mapenzi hayo yanaonekana waziwazi: Jennifer amechukua jina na sura ya msichana wa Phenomena, filamu ya mwaka 1985.

Michezo mingi ya wakati ule ilimpa shujaa upanga au bunduki. Jennifer hana kitu. Mchezaji anasogeza kishale kumwonyesha pa kwenda, naye anakwenda kwa mwendo wake, polepole mpaka unatamani kumsukuma. Hofu ikimpanda, picha ya uso wake chini ya skrini inageuka rangi hadi nyekundu, na akikimbia katika hali hiyo anajikwaa. Dawa yake ni kujificha na kuomba asionekane. Hata aliyekwisha kumaliza mchezo hana raha, maana akianza upya anakuta baadhi ya vyumba vimehama. Kwangu mimi, udhaifu huo wa Jennifer ndio ufundi mkubwa wa Kono.

Safari ya mchezo kutoka Japani ndiyo iliyokwenda upogo. Mwaka 1996 Human ilitoa sehemu ya pili kwa PlayStation, na mwaka uliofuata sehemu hiyo ikauzwa Marekani kwa jina la Clock Tower tu, bila namba. Wachezaji wa huko wakakutana na Jennifer akiwa tayari ameokoka, anaandamwa na kumbukumbu za jumba ambalo wao hawakuwahi kuingia. Ya kwanza ilibaki kwao Japani, ikarudiwa kwa PlayStation mwaka 1997 na WonderSwan mwaka 1999. Human ikafilisika, haki za mchezo zikaangukia kwa kampuni ya Sunsoft.

Mashabiki hawakukaa kungoja. Kundi la Aeon Genesis liliufungua mchezo wa Super Famicom, likatafsiri maneno yake kwa Kiingereza na kuyagawa bure. Kwa miaka mingi, asiyejua Kijapani aliingia jumbani kwa mlango huo.

Mlango rasmi ulifunguliwa Oktoba 2024, kwa toleo liitwalo Clock Tower: Rewind. Toleo hilo limeongeza michoro na nyimbo, lakini mchezo wa 1995 umo humo ulivyokuwa, na Jennifer bado anatembea polepole.