Samaki wa Kwetu, Vioo vya Ugenini

Kuna samaki wa Unguja anayesafiri duniani ndani ya bahasha. Mayai yake, kila moja likiwa na upana wa milimita moja hivi, huchanganywa na mboji yenye unyevu kidogo, yakatiwa katika mfuko wa plastiki, yakaandikiwa tarehe na kupelekwa posta. Mpokeaji wa Prague au Chicago huyaweka kabatini majuma kadhaa, kisha huyamwagia maji, na baada ya saa chache vifaranga huwa wanaogelea. Jina lake la kitaalamu ni Nothobranchius guentheri. Georg Pfeffer ndiye aliyempa maelezo ya kisayansi mwaka 1893, katika kazi iliyotokana na samaki ambao Franz Stuhlmann aliwakusanya Afrika Mashariki mwaka 1888 na 1889. Dume ana urefu wa sentimita tano hivi. Magamba yake ni ya buluu na kijani, kila moja likiwa na ukingo mwekundu, na mkia ni mwekundu wenye pindo jeusi. Wengi wetu tumepita kando ya mitaro na madimbwi anamoishi bila kumtupia jicho, ilhali kwa wapenzi wa samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani ni mashuhuri tangu zamani.

Historia ya samaki wa Afrika Mashariki huandikwa kwa kuwataja wapelelezi, makumbusho na mabwana samaki wa serikali. Naamini ina pengo kubwa, kwa sababu sehemu nzima ya tunachokijua kuhusu uzazi wa samaki hawa ilipatikana sebuleni, kwa watu waliorudi kazini jioni, wakavuta kiti na kukaa mbele ya tangi la vioo.

Mazoea hayo yalianzia mbali na kwetu. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington wa London aliwaweka samaki wawili wa dhahabu katika chombo cha kioo pamoja na mimea ya majini na konokono, akaonyesha kwamba viumbe hao wanaweza kutunzana bila maji kubadilishwa kila siku. Kitabu cha Philip Henry Gosse cha mwaka 1854 kilieneza shauku hiyo majumbani mwa Waingereza. Mwaka 1869 Pierre Carbonnier wa Paris alipokea samaki wa rangi kutoka China, akafaulu kuwazalisha na kueleza jinsi dume anavyojenga kiota cha mapovu juu ya maji na kuyalinda mayai. Wajerumani nao walianzisha vyama. Triton cha Berlin ni cha mwaka 1888. Kabla ya umeme kuenea, samaki wa nchi za joto waliwekewa taa ya mafuta au mwali wa gesi chini ya tangi, na mwali ukizimika usiku wa baridi, asubuhi hakuna aliyesalia. Meli za Hamburg zilipoanza kupita mara kwa mara katika bandari za Afrika, samaki wetu wakaingia katika ulimwengu huo.

Jamaa za samaki wa Unguja wamesambaa pwani nzima na bara, kutoka Somalia hadi Msumbiji na zaidi. Wanaishi katika madimbwi yanayojaa wakati wa mvua na kukauka kabisa kiangazi. Samaki wazima hufa wote. Mayai hubaki ndani ya tope, na mvua ikirudi, kizazi kipya huanguliwa. Mwenyeji humwona samaki mahali ambapo mwezi uliopita palikuwa na ardhi iliyopasuka, akasema ameanguka na mvua. Mfugaji wa nyumbani alilazimika kuiunda mvua hiyo na kiangazi hicho mwenyewe.

Kazi yenyewe inataka subira na mkono mwepesi. Dume na majike wawili watatu huwekwa katika tangi dogo lenye kopo la mboji iliyochemshwa. Dume humsogelea jike ubavuni, akamfunika kwa pezi la mgongoni na kumkandamiza juu ya mboji. Wote wawili hutetemeka mara moja, na yai moja huzama. Halafu huanza upya, yai moja kila safari, mchana kutwa. Baada ya juma moja au mawili mboji hutolewa, ikachujwa kwa kitambaa na kukamuliwa mpaka iwe kama tumbaku mbichi ya kusokota. Kipimo hicho cha tumbaku hurithishwa na wafugaji tangu zamani, nacho ni kizuri, maana mboji ikiwa majimaji mayai huota ukungu, na ikikauka mno hunyauka. Hapo ndipo mfuko hufungwa na kuandikwa. Kwa samaki wa Unguja kusubiri huchukua miezi mitatu hivi. Mfugaji huchambua mboji kwa kioo cha kukuzia, akitafuta mayai ambayo ndani yake macho meusi ya kifaranga, yenye duara la dhahabu, yanamtazama. Akiyaona mengi, humwaga maji ya ubaridi kidogo, na vifaranga huanza kula artemia, kamba wadogo mno, siku hiyo hiyo. Wasiofanikiwa kujaza kibofu cha hewa hubaki wakijiburuta chini kwa tumbo, hawainuki tena. Wengine huuawa na vimelea vinavyowafanya waonekane wamenyunyiziwa vumbi la dhahabu, na dawa ya kwanza ya wafugaji ni chumvi ya kawaida katika maji.

Wafugaji waligundua jambo moja lililowatatiza sana mwanzoni. Mboji ile ile, baada ya kutoa vifaranga, ikikaushwa na kuloweshwa tena wiki kadhaa baadaye, huweza kutoa wengine. Mayai ya siku moja, ya mama mmoja, hayaamki pamoja. Mwaka 1972 John Wourms, kwa kuchunguza samaki wa tabia hiyo wa Amerika ya Kusini, alieleza hatua tatu ambazo yai linaweza kusimamisha ukuaji wake na kulala. Kwa mtu wa pwani maana yake iko wazi. Vuli inaweza kuja kwa kishindo, ikajaza dimbwi wiki mbili na kukatika. Walioanguliwa wote hufa kabla ya kutaga. Waliobaki usingizini huingoja masika. Mfugaji wa Ujerumani aliyeilowesha mboji yake mara ya pili alikuwa anasoma kalenda ya mvua zetu pasipo kuziona.

Baadhi ya wapenzi hao hawakuridhika na bahasha, wakafunga safari wenyewe na nyavu zao. Majina ya samaki yanawakumbuka: N. korthausae wa Mafia, aliyeelezwa mwaka 1973, ana jina la Edith Korthaus, N. foerschi wa pwani ya Tanzania ana la Walter Foersch, N. eggersi wa bonde la Rufiji ana la Gerd Eggers. Hakuna kati ya majina hayo linalomkumbuka kijana aliyewaonyesha dimbwi lilipo, wala mwenye shamba la mpunga aliyewaruhusu wapite, na hilo ni deni la historia hii.

Habari ya Richard Furzer inastahili kutulia kidogo. Mwaka 1968 alikusanya samaki katika Gonarezhou, nchi inayoitwa leo Zimbabwe, na mwaka 1971 R. A. Jubb akampa samaki huyo jina N. furzeri. Kizazi hicho kilidumishwa majumbani, mkono kwa mkono, na watu waliolalamika kwamba hakikai: mara yupo, mara amekufa. Mwaka 2003 Stefano Valdesalici na Alessandro Cellerino waliyageuza malalamiko hayo kuwa sayansi, wakichapisha kwamba samaki hao hawapiti takriban majuma 12 ya maisha hata wakitunzwa vizuri. Mwaka 2015 timu mbili zilichapisha ramani ya vinasaba vyake, na leo maabara nyingi zinazochunguza uzee humtumia yeye. Samaki wetu wa Unguja alikuwa ametangulia katika njia hiyo, kwani Jules Markofsky na Alfred Perlmutter walimtumia katika uchunguzi wa umri miaka ya 1970. Lau wafugaji wa nyumbani wangechoka na samaki anayekufa upesi, utafiti huo ungekosa mahali pa kuanzia.

Ziwa Tanganyika lilikuja na mtihani mwingine. Pierre Brichard, Mbelgiji, alianza mapema miaka ya 1970 kusafirisha samaki hai kutoka Burundi, na kitabu chake cha mwaka 1978 kilisomwa sana na wafugaji. Walijifunza kwamba samaki wadogo wa ziwa hilo hutaga ndani ya magamba ya konokono Neothauma. Wasioyapata wakatumia magamba ya konokono wanaoliwa mahotelini Ulaya, na samaki wakayakubali, kila mmoja akilifukia lake mchangani na kulilinda. Wafugaji ndio pia waliokuta jambo lililoonekana kama kosa la macho: ukimfungua kinywa mama anayeatamia mayai, humo unamwona kifaranga mwenye sharubu. Alikuwa mtoto wa Synodontis multipunctatus, jamaa wa ngogo, ambaye hupenyeza mayai yake katikati ya tendo la wenzake. Watoto wake huanguliwa mapema na kuwala vifaranga wa mwenye kinywa. Habari hizo zilishatembea katika majarida ya wafugaji kabla Tetsu Sato hajaziandika kwa uchunguzi wa ziwani, katika jarida la Nature, mwaka 1986.

Kuhusu furu, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, huwezi kuandika kwa moyo mwepesi. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na katika miaka ya 1980 akaongezeka ghafla. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden waliokuwa Mwanza tangu 1977 walikuwa wamekuta furu wakiwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wanaoishi karibu na sakafu ya ziwa. Ndani ya miaka michache wavu ukapanda na sangara watupu. Spishi zipatazo 200 zilikadiriwa kuwa zimetoweka au ziko ukingoni. Baadhi ya furu walikuwa wameshapelekwa Leiden wakiwa hai, na mwishoni mwa miaka ya 1980 hifadhi za samaki za Marekani, New England Aquarium ya Boston ikiwemo, zikaanza mpango wa kuwazalisha. Matangi ya taasisi hayakutosha. Wafugaji wa nyumbani wakabeba sehemu ya mzigo.

Kuwazalisha si kazi ngumu, na ugumu wake uko hapo hapo. Dume huchimba kishimo na kutikisa pezi la nyuma lenye madoa ya manjano yanayofanana na mayai. Jike hutaga, huyaokota mayai mara moja kinywani, kisha huyafuata yale madoa akidhani ameacha mengine, na hapo ndipo mbegu ya dume inapomfikia. Wolfgang Wickler alilieleza hilo mwaka 1962. Kwa muda wa majuma mawili hadi matatu mama huatamia, shavu limemvimba, hali kitu. Mfugaji mwangalifu humhamishia tangi la peke yake, maana madume hawampi nafasi ya kupumua.

Ila majike wa furu hufanana kama maharage ya debe moja. Spishi nyingi hutambulikana kwa rangi ya dume tu. Yule aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, Pundamilia nyererei, ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye milia myeusi. Jirani yake P. pundamilia ni wa kijivu na buluu. Ole Seehausen na Jacques van Alphen walionyesha mwaka 1998 kwamba chini ya mwanga unaofuta tofauti ya rangi, jike wa nyererei hachagui tena. Mwaka uliotangulia walikuwa wameshaeleza, pamoja na Frans Witte, kwamba maji ya ziwa yakichafuka na kufifisha nuru, mpaka kati ya spishi huvunjika vivyo hivyo. Mfugaji anayechanganya furu wa aina mbili tatu katika tangi moja chini ya taa hafifu hupata machotara ndani ya miezi, wazuri wa sura, wasio na historia.

Ndiyo maana wafugaji makini hung'ang'ania lebo. Samaki wa mboji huandikwa herufi za nchi, mwaka na namba ya dimbwi alikovuliwa; baadhi ya wale wa Tanzania huanza na TAN. Furu huandikwa Makobe au Ruti, visiwa walikotoka, na samaki mkubwa wa paji Cyphotilapia huitwa wa Kigoma, mwenye milia saba, asichanganywe na wa Mpimbwe. Majina ya mahali petu yanatamkwa kila siku katika nyumba za watu ambao hawajawahi kufika Afrika. Anayezembea lebo anapoteza kila kitu, hata kama matangi yake yamejaa samaki. Na lebo yenyewe haitoshi. Kundi lililotokana na jozi chache huzaliana ndugu kwa ndugu, na kizazi maarufu cha furzeri cha maabara kimepungukiwa sana na tofauti za vinasaba. Tangi huchagua samaki wanaolizoea tangi. Mwaka 2004 Claudia Dickinson alianzisha mpango wa CARES huko Marekani ili vyama vya wafugaji viwe na orodha ya spishi zilizo hatarini na watu wa kuzitunza, hatua ninayoiona ya heshima kubwa, japo mpango huo pia hauwezi kurudisha ziwa kuwa lilivyokuwa.

Baadhi ya furu wamerejea wenyewe tangu miaka ya 1990, hasa wale wanaokula viumbe wadogo wa maji ya wazi, na miili yao imebadilika kidogo. Wengine hawajaonekana tena. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania ina vituo Mwanza na Kigoma, vijana wa visiwani wanazijua nyavu kuliko mgeni yeyote, na wafugaji wa ng'ambo wana uzoefu wa miongo wanaopenda kuugawa. Kwa samaki wa Unguja mahitaji ni madogo zaidi: tangi moja au mawili, mboji, artemia, kibali cha kuvua, na daftari. Shule ya sekondari iliyo karibu na bonde la mpunga inaweza kuanza masika ijayo, na jina la dimbwi likaandikwa kwenye ukurasa wa kwanza kwa mkono wa mtoto anayejua njia ya kulifikia.