Mwaminifu Ndiye Anayekaguliwa

Mkulima wa Mbozi au Mufindi anapozuiwa na benki kulipia mbolea mpaka alete kitambulisho, barua na picha, ni rahisi kuilaumu mitambo ya siku hizi. Lakini urasimu huu ni wa zamani kuliko kompyuta. Kwa sheria za 1923 na 1931, serikali ya Mwingereza Tanganyika iliamua kwamba deni la Mwafrika kwa mfanyabiashara asiye Mwafrika lisidaiwe mahakamani bila kibali cha ofisa wa serikali. Lengo lililotangazwa lilikuwa kumkinga Mwafrika na madeni. Matokeo yake, mwenye shamba la kahawa Rungwe alikingwa hata na mkopo aliouhitaji, huku huduma za benki zikiwalenga zaidi walowezi na wenye maduka. Hoja yangu ni kwamba tangu wakati huo, kila panapotajwa usalama wa fedha Nyanda za Juu Kusini, gharama yake hubebeshwa mteja mdogo, ambaye si yeye chanzo cha hatari.

Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, benki zilitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Mwenye mali alibadilika. Desturi za kaunta zikabaki. Kufungua akaunti kulihitaji barua ya uongozi wa kijiji, picha na mdhamini, na kutoa fedha kulihitaji kitabu na sahihi. Hiyo sahihi ndiyo iliyowatesa wengi. Mkono uliozoea jembe hauandiki jina kwa namna ileile mara mbili; karani alilinganisha karatasi na kadi, akasema hazifanani, na mwenye fedha zake akarudi kijijini mikono mitupu, nauli imeshakwenda. Ndiyo maana fedha nyingi zilipita barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya ndani ya bahasha, mkononi mwa dereva au kondakta, mpokeaji akisubiri stendi. Ulikuwa ujinga? Sidhani. Watu walipima hasara ya hakika, yaani nauli na siku ya kazi, dhidi ya hasara ambayo huenda isitokee.

M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, ilipoingia Tanzania 2008, wakala wa Mwanjelwa au Mafinga alimshinda karani kwa ukaribu tu, si kwa kukosa ukaguzi, maana namba ya siri ilikuwapo na ujumbe wa kuthibitisha ulikuwapo. Kisha usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa (NIDA) ulianza Mei 2019, na baada ya Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Kwa kuwa laini ndiyo pochi, aliyecheleweshewa namba ya NIDA alihatarishiwa pia fedha zake.

Wapo watakaosema matapeli wangetumaliza bila ukali huo. Hoja ina uzito: nani hajapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Ila utapeli huo hauvunji mlango wowote. Mwenye fedha mwenyewe huingiza namba yake ya siri, na tapeli hutumia laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine. Kuongeza kufuli kwa mwaminifu hakumgusi tapeli. Na hasara kubwa wakati mwingine hutoka ndani ya benki yenyewe: Januari 2018 Benki Kuu iliifunga Benki ya Wananchi Njombe kwa upungufu wa mtaji. Bima ya amana iliishia shilingi 1,500,000 kwa kila mteja. Sahihi zote zilizofanana hazikusaidia kitu hapo.

Benki nazo hujitetea kwa sheria ya 2006 dhidi ya utakasishaji wa fedha haramu. Ni kweli zinawajibika, lakini kanuni za pesa za kielektroniki za 2015 tayari zinakubali viwango: kiasi kidogo, masharti mepesi, kiasi kikubwa, masharti mazito. Ada ya shule haistahili kukaguliwa kama uhamisho wa mamilioni, na muamala wenye shaka unaweza kuthibitishwa kwa simu kabla akaunti haijafungwa. Aliyezuiwa bila sababu aandike malalamiko kwa benki yake. Akikosa jibu, ayapeleke Benki Kuu, ambayo ina tawi Mbeya mjini.